Jasho la Bwawa la Kwa Shaame

Siku walipoagana nami afisini Wete, walinipa doti mbili za kanga, saa ya ukutani na kipaza sauti. Kanga na saa nimekwenda navyo nyumbani Jadida. Kipaza sauti kiligoma nilipofika neno la tatu, nikashukuru kwa ishara ya mkono nikakaa kitako, na watu wakanipigia makofi kuliko walivyompigia mkurugenzi. Naamini ni kwa sababu sinia za biriani zilikuwa zimeshaingia mlangoni.

Kwa hiyo niliyokusudia kuyasema siku ile nayaandika hapa, kwa ajili yenu mliobaki kazini, na hasa atakayepangiwa Bwawa la Kwa Shaame. Vyeo nilivyopanda havikuwa vingi, na mshahara wetu mnaujua. Hayo tuyaruke.

Kwa asiyelijua, Kwa Shaame ni tuta la udongo lililoziba bonde moja huko upande wa Wingwi. Lilijengwa kabla sijaanza skuli, ili mpunga upate maji wakati wa kiangazi. Ukilitembea juu yake kutoka ncha hadi ncha ni dakika tano. Hizo ni dakika tano za mtu asiyesalimia. Ukisalimia kama tulivyolelewa, ni nusu saa. Upande mmoja una ziwa, na upande wa pili, chini kabisa, yako mashamba ya mpunga, chuo cha Kurani na nyumba za watu. Mtu akiniuliza kazi yangu ilikuwa nini, humwambia ilikuwa kuhakikisha wale wa chini hawapati sababu ya kunijua.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kisigino. Nilikuwa nimetoka masomoni, nina cheti chenye muhuri, na nilidhani mpima maji hukaa mezani akaletewa maji ayapime. Nilipokelewa na Mzee Faki. Kwenye karatasi za afisi Mzee Faki aliandikwa mlinzi, lakini alifanya kazi ya wahandisi watatu, na kwa adabu kuliko wote watatu. Alikuwa mwembamba, kofia yake ya viua imefifia hadi viua vimekuwa vya kukisia, na mkononi ana fyekeo.

“Shikamoo, Mzee Faki.”

“Marahaba, mwanangu. Vua viatu.”

Nikadhani tunaingia ndani, nikatafuta mlango. Hakuna mlango. Tulikuwa tumesimama kwenye majani, chini ya ubavu wa nje wa tuta, pale tuta linapokutana na ardhi ya bonde. Pale sisi tunapaita kitako cha tuta.

“Huku hakwendwi na viatu vya harusi,” akasema. “Tembea pekupeku mpaka kule, kisha nambie wahisi nini.”

Nikatembea, buibui nimelishika juu, nyayo zangu zikilaumu kila kijiwe. Nikarudi nikamwambia sikuhisi kitu ila baridi.

“Baridi wapi?”

“Pote.”

“Rudi tena.”

Nikarudi tena. Mara ya tatu nikagundua kwamba haikuwa baridi pote. Kulikuwa na mahali pawili, kila pamoja pa upana wa mkeka, ambapo udongo ulikuwa na ubaridi wa kisimani na majani yamekolea kuliko ya jirani yake. Nilipomwonyesha, Mzee Faki alicheka hadi akakaa chini.

“Ewaa! Yule bwana aliyekuwepo kabla yako alikaa hapa miaka mitatu na mabuti yake, hajapaona.”

Kisha akatoa gae la jemu, ile chupa ya kioo yenye mdomo mpana, tupu na safi kama la kunywea, akachota maji yaliyokuwa yakichirizika mahali pale, akayanyanyua juani. “Tuta la udongo hutoka jasho, mwanangu. Lote hutoka, hata jipya. Jasho lenyewe si maradhi. Weye tazama lina rangi gani. Likiwa jeupe hivi, nenda ukanywe chai. Siku likitoka na udongo, ujue tuta laliwa kwa ndani, na laondoka kidogo kidogo kupitia hapa. Siku hiyo usinywe chai.”

Hiyo ndiyo semina ndefu kuliko zote nilizowahi kupewa kazini zenye maana. Semina nyingine zilikuwa na kalamu na begi.

Vifaa tulivyokuwa navyo vilikuwa gae la jemu, saa ya mkono, dumu la lita tano lililokatwa mdomo, ubao uliopakwa rangi wa kusomea kimo cha maji, fyekeo, na daftari. Kila asubuhi unaweka dumu chini ya mfereji unaokusanya lile jasho, unatazama saa, unaandika limejaa kwa muda gani. Unachota gae, unatazama rangi, unaandika. Unasoma ubao, unaandika. Unatembea tuta zima ukitafuta nyufa, mashimo ya panya buku, vichuguu vya mchwa, na njia za ng'ombe. Ng'ombe wa Wingwi wana akili; wakishajua njia ya mkato juu ya tuta, wanaikanyaga hadi inakuwa mtaro, na mvua ikija inashukia humo humo. Nimefukia mashimo ya panya buku mengi kuliko nilivyopika mikate ya sinia, na watoto wangu watawaambia kwamba mikate nimepika mingi.

Majani hufyekwa mafupi. Wageni wakifikiri tunafyeka kwa ajili ya kupendeza, waacheni wafikiri hivyo. Tunafyeka ili tuone.

Kulikuwa pia na shetani. Watu wa bondeni walisema katikati ya ziwa anakaa shetani mwanamke, mrefu, hapendi kelele. Nilipomuuliza Mzee Faki kama ni kweli, aliniambia yeye hajamwona, ila tangu habari hiyo ienee hakuna mtoto aliyekwenda kuogelea karibu na mdomo wa bomba la kutolea maji. “Basi habari hii kaianzisha nani?” nikamuuliza. Akasema ni wakati wa sala ya adhuhuri.

Miaka ikapita, mpunga mwingi ukahamia mabonde mengine, na Kwa Shaame ikageuka mahali pa kutembelea. Ilianza na skuli moja iliyoleta wanafunzi wake, ikafuatia harusi iliyotaka picha, halafu kila sikukuu watu wakawa wanakuja kutoka Wete, Konde, hata Makangale, na mikeka na masufuria yao. Zikaja boti ndogo za kupiga kasia zilizopakwa rangi ya pinki. Akaja Bi Time na urojo wake. Bi Time ni mwanamke mnene wa sauti na mwepesi wa mkono, mwenye masufuria mawili makubwa ambayo mimi na yeye tungeingia tukakaa. Tulikuwa marafiki wa kugombana. Mimi nikimwambia asimwage maji machafu kwenye tuta, yeye ananiambia nile kwanza.

Hapo ndipo nilipopata kesi yangu ngumu ya mwanzo. Mzee Faki alikuwa ameshastaafu, na mimi nimebaki peke yangu na daftari. Ikafanywa siku ya kupanda miti. Nilikuwa ruhusa, mtoto wangu anaumwa. Niliporudi nilikuta mikungu, ile miti ya kivuli, kumi na miwili imepandwa kwa mstari juu ya tuta, kila mmoja na kibao chenye jina la aliyeupanda, na wa kwanza kabisa ni wa mgeni rasmi.

Nyinyi mnajua kwa nini sikuifurahia. Mti juu ya tuta la udongo unapeleka mizizi ndani kutafuta maji. Siku ukifa, mzizi unaoza, na palipokuwa na mzizi panabaki bomba. Nikaandika barua juu. Haikujibiwa. Nikaandika ya pili. Nikajibiwa kwamba suala la mazingira linapewa kipaumbele.

Nilichofanya sikukiandika kwenye daftari, na sasa nimestaafu naweza kukisema. Asubuhi moja ya mvua, mimi na vibarua wawili tuliing'oa ile mikungu mmoja mmoja na udongo wake, tukaipanda upya kwenye uwanja wa magari, mbali na tuta, kwa mstari ule ule na vibao vile vile. Nikakaa mwaka mzima ninasubiri kuitwa afisini. Mwaka wa tatu mgeni rasmi alirudi, akasimama mbele ya mkungu wake uliokuwa umeshamzidi kimo, akaniambia, “Bi Raya, unaona? Nilijua hapa ndipo pazuri pa kuupanda.” Nikamwambia, “Mheshimiwa, hapakuwa na pengine.” Leo magari yote yanagombania kivuli kile.

Sasa niwaeleze mwaka wa jasho lenye udongo.

Masika ya mwaka huo hayakujua kuaga. Ziwa lilijaa hadi kwenye mstari wa juu wa ubao, na Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja, ilikuwa imebakisha siku mbili. Gari la matangazo lilikuwa limeshapita: mashindano ya boti, ngoma, michezo ya watoto, wote karibuni Kwa Shaame. Bi Time alikuwa ameshavunja madafu ya juisi na kuchemsha mbatata.

Nilishuka kwenye kitako cha tuta saa moja asubuhi, pekupeku. Sikuhitaji gae. Kwenye sehemu mpya kabisa, hatua kama ishirini kutoka kwenye zile mbili za zamani, maji yalikuwa yakichemka kutoka ardhini kama uji unaotokota, na kuzunguka mdomo wake kumejijenga kichuguu kidogo cha mchanga laini, kizuri kama cha mtoto pwani. Nikachota. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Nilitazama chini bondeni, nikasikia wanafunzi wa chuo wanasoma kwa sauti moja, na mwanamke mmoja anaanika nguo. Nikampigia simu Mhandisi Nassor, afisini Wete. Bwana Nassor ni kijana wa ukoo wenye asili ya Omani. Babu zake walikuwa na mashamba, yeye amebaki na hisabati, na anaipenda kweli.

“Bi Raya, una hakika? Pima tena baada ya saa moja.”

“Bwana Nassor, nikikaa saa moja nitakuwa ninapima bahari.”

Akasema, “Nakuja. Watoe watu wa chini.”

Nikapanda hadi kwa Bwana Sheha, mkuu wa shehia ile. Nilimkuta barazani kwake na watu wa kamati ya sikukuu, Bi Time akiwemo, wanapanga nani asimame wapi. Nikasalimu, nikasema ninachotaka: nyumba za bondeni zihame leo, chuo kifungwe leo, na Kwa Shaame hakuna sikukuu.

Baraza lililipuka. Bwana Sheha alikuwa mtu mpole, lakini siku ile uso ulimbadilika.

“Bi Raya, watu kisiwa kizima wameshaambiwa. Tuta hili miye nimezaliwa nalikuta. Halijapata kufanya kitu.”

“Ndiyo maana limechoka, Bwana Sheha.”

“Na mbatata zangu?” Bi Time akasimama. “Raya, shoga yangu, kila mwaka waja na lako. Mara maji machafu, mara nisiegemeze jiko. Leo sikukuu nzima?”

Nikaliweka gae mezani katikati yao, nikakaa. Tukalitazama. Wale mabwana waliona maji ya mvua. Bi Time akaliinua, akalitikisa kidogo, akalirudisha, na akangoja. Udongo ukashuka taratibu, ukalala chini kwa unene wa kidole.

“Haya nimeyachota sasa hivi,” nikasema. “Kila gae hivyo, tangu sijui saa ngapi.”

“Yakhe,” Bi Time akamwambia Sheha, sauti imemshuka. “Haya si maji. Hili tui. Kuna kitu huko ndani chakunwa.”

Mwanamke aliyekuna nazi maisha yake yote ndiye aliyewaeleza. Bwana Sheha akavaa kofia yake akasimama. Kabla ya adhuhuri alikuwa amepita nyumba kwa nyumba mwenyewe, na watu wa bondeni wakawa wanapandisha magodoro, mbuzi na vikongwe wao hadi skuli ya juu. Bibi mmoja alikataa kuondoka bila kuku wake anayeatamia. Akabebwa na kuku na mayai na kikapu.

Bwana Nassor alifika, akapiga magoti topeni na suruali yake ya afisi, akatazama kile kichuguu. Alipoinuka alisema tuna kazi mbili. Kwanza tuteremshe maji ya ziwa polepole ili mzigo upungue. Pili tuuzuie udongo unaoliwa.

Ya kwanza ndiyo iliyoniaibisha. Maji ya ziwa huteremshwa kwa koki kubwa ya chuma iliyo ndani ya shimo la zege nyuma ya tuta. Mzee Faki alinifundisha nifungue na kufunga koki ile kila mwaka, hata kama hakuna haja, ili isigande. Na mimi nilifanya hivyo miaka yote, isipokuwa miaka miwili ya mwisho. Watu wa boti walilalamika kwamba maji yakipungua boti zinagusa tope, na mimi nikasema haya, mwakani. Nikasema tena mwakani. Niliwaona ni watu wazuri, na koki haisemi.

Sasa nikawa ninaitazama imeshika kutu, wanaume wanne wananing'inia kwenye spana yenye bomba refu la kuongeza nguvu, na haitikisiki.

“Nani alikuwa anaitunza hii?” Bwana Nassor akauliza.

“Mimi,” nikasema. “Na sikuifungua miaka miwili.”

Aliniangalia. Nilingoja neno. Akasema, “Basi tuifungue leo,” na sijamsahau kwa hilo.

Tulimimina mafuta ya taa kwenye shingo ya koki tukangoja. Hakuna. Tukagonga. Hakuna. Bi Time, aliyekuwa amesimama juu ya shimo mikono kiunoni, akasema, “Kifuniko cha chupa ya siki kikikataa, hukifanyaje? Hukimwagia maji ya moto. Chuma kikipata moto hutanuka.”

Bwana Nassor akaangalia juu. “Bi Time, unayo maji ya moto?”

“Ninayo masufuria mawili, mwanangu.”

Yale masufuria ya urojo yakaletwa kwa gari la ng'ombe, moto ukawashwa mbali kwenye uwanja wa magari kwa sababu ya mafuta ya taa, na maji yaliyochemka yakaja ndoo kwa ndoo, mkono kwa mkono. Tukamwagia shingo ya koki, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tano. Wakavuta. Ya nane. Kikatoka kilio kama cha punda, na wale wanaume wanne wakaangukiana. Ilikuwa imezunguka robo. Baada ya robo ya pili, bomba likakohoa tope jeusi, kisha maji yakaja yakapiga mtaro. Watu walipiga vigelegele kama bibi harusi ametoka. Bwana Nassor akapaza sauti kwamba basi, isizidi hapo, maji yakikimbia haraka ubavu wa ndani utaporomoka.

Ya pili ilileta ubishi. Fundi mmoja wa nyumba, mtu mwema, alikuja na saruji yake begani. “Niachieni miye. Naziba sasa hivi.”

“Ukiziba, maji yataacha kutoka?” nikamuuliza.

“Yataacha.”

“Yatakwenda wapi?”

Akafikiri. “Yatatafuta pengine.”

“Basi huko pengine hatukujui. Hapa tunapajua. Tuyaache yatoke, ila udongo tuukatalie.”

Ndivyo inavyofanywa, na mlio vijana mliandike. Kwanza mchanga safi wa pwani uliooshwa chumvi, unene wa mkono mzima, juu ya ile chemchemi na pembeni yake. Juu yake kokoto ndogo. Juu yake mawe. Mchanga unashika udongo, kokoto zinashika mchanga, mawe yanakandamiza vyote, na maji yanapita yakiwa peke yake. Mchanga wa kwanza tuliupata kwa mtu aliyekuwa anajenga, tukaumwaga kabla ya Magharibi. Tukapanga zamu ya kulinda.

Siku iliyofuata ilikuwa Arafa, na wengi wetu tulikuwa tumefunga. Asubuhi Wingwi nzima ilikuwa barabarani. Magari ya ng'ombe yalikuja na mchanga, mengine yamepambwa kwa kanga kwa sababu yalikuwa yamepambwa kwa sikukuu na hakuna aliyepata nafasi ya kuyapambua. Wanawake walibeba kokoto kwa mapakacha. Watu wa boti, wale wale, walivua mashati wakapanga mawe, na mmoja wao akaniambia bila kunitazama usoni, “Bi Raya, mwakani fungua tu.” Mzee Faki aliletwa na mjukuu wake. Macho yalikuwa yameshamwacha. Akavua makubadhi, akakanyaga kule kote kwa nyayo, akasema hakuna sehemu nyingine mpya, na sote tukamwamini kuliko tungeliamini chombo chochote.

Nilichota gae kila nusu saa. Chai ya maziwa. Chai nyepesi. Maji ya mchele. Baada ya sala ya alasiri nililiinua juani, na nikaweza kumwona Bwana Nassor upande wa pili, uso wake mzima, ameachama.

“Bi Raya?”

“Leo naweza kunywa chai,” nikasema, “ila nimefunga.”

Ilipoadhiniwa Magharibi tulifuturu kwenye uwanja wa skuli, watu wa bondeni na wa juu, na tope hadi magotini. Zile mbatata za Bi Time ndizo zilizokuwa futari, na sikukuu ikafanyiwa hapo hapo. Mashindano ya boti hayakuwezekana nchi kavu, ingawa walijaribu, kwa kuzibeba wakikimbia. Nimehudhuria sikukuu nyingi. Ile ndiyo niliyocheka hadi mbavu zikauma.

Kiangazi kilipokuja, ziwa likiwa chini, tulichimba pale palipotoboka. Tulikuta kisiki cha mkarafuu. Waliojenga tuta hawakukichimbua, walikifukia, wakaendelea. Kilikuwa kimeoza kabisa, na mizizi yake imeacha vijitundu vinavyokwenda mbali ndani. Hatukuwalaani, kwani mkandarasi wao alishakuwa marehemu na walikuwa na haraka ya mpunga. Tulichimba kote, tukarudisha udongo wa mfinyanzi tabaka kwa tabaka, kila tabaka tukilishindilia, tukaacha kile kichujio cha mchanga na mawe kiwe cha kudumu. Njia ya kumwagia maji ya ziada tukaipanua, na mstari wa juu wa ziwa tukaushusha. Boti za pinki zinagusa tope mwezi mmoja kwa mwaka. Hakuna aliyekufa kwa hilo.

Mzee Faki alifariki mwaka uliofuata. Mungu amrehemu. Sikumwambia kamwe kuhusu ile miaka miwili, lakini nadhani alijua, kwa sababu alipokanyaga karibu na lile shimo la koki siku ile alisimama kidogo, akapapasa kutu kwa kidole cha mguu, akaendelea.

Wiki iliyopita, nikiwa sasa raia wa kawaida, niliwachukua wajukuu zangu wanne kwenda Kwa Shaame na kikapu cha chakula. Nilitaka tukae pale ninapopapenda, kwenye kona ya tuta inayopata upepo. Tulipofika tukakuta kamba imefungwa kutoka kijiti hadi kijiti, na nyuma yake amesimama Salma, binti mhandisi aliyeletwa miezi michache kabla sijaondoka. Miguu yake ilikuwa pekupeku.

“Shikamoo, Bi Raya.”

“Marahaba, Salma. Tupishe, tunakwenda kula kule.”

“Samahani, mama. Leo hakuna kupita.”

“Hata mimi?”

Wajukuu wangu wakanitazama waone nitafanya nini. Mtu mmoja mkubwa wa wilaya alikuwa pembeni na familia yake, naye amekatazwa, amekasirika.

“Hata wewe, Bi Raya,” akasema. “Kuna unyevu pale ubavuni, jana haukuwepo. Sijaujua unatoka wapi.”

Nilikuwa na mengi ya kumwambia. Ningeweza kumwambia nipande mwenyewe nikautazame, nina miaka yangu yote pale. Nikawageuza wajukuu, tukaenda kukaa uwanja wa magari, juani, kwa sababu vivuli vyote vilikuwa vimeshapata magari. Yule mkubwa naye akaja akakaa karibu yetu, na baada ya muda akakubali kachori.

Saa nzima baadaye Salma alikuja, tope kwenye vifundo, uso umemwiva kwa aibu.

“Walikuwa wakiosha boti, Bi Raya. Maji ya ndoo tu. Nimewasumbua watu bure.”

“Umeandika?”

“Nimeandika. Saa, mahali, na kilichosababisha.”

“Na kamba?”

“Nimeifungua sasa hivi.”

Nikasogea kwenye mkeka, nikampa sahani. “Basi kaa ule, mwanangu.”